Sumaku haitoshi kuitambua sarafu ya fedha

Miongoni mwa wanaopekua makopo ya sarafu kuukuu za bei ya chini kwa wauza vitu vya kale, Mbeya mjini hata Iringa, wapo wanaoamini kwamba sarafu nyeupe isiyonaswa na sumaku ni lazima iwe ya fedha. Imani hiyo si sahihi, kwa kuwa mchanganyiko wa shaba na nikeli, ambao ndio uliotumika kutengeneza shilingi ya Tanzania ya mwaka 1966 yenye sura ya Mwalimu Nyerere, nao haunaswi.

Mfano unaowaponza wengi ni shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba. Zile za kuanzia 1921 hadi 1946 zina fedha robo tu, yaani gramu mbili hivi katika uzito wa gramu 7.8, ilhali za 1948 hadi 1952 hazina fedha kabisa, ingawa simba ni yuleyule na uzito unakaribiana mno. Hapo mizani ya jikoni haisaidii, soma mwaka.

Rupia ya enzi ya Wajerumani ni habari nyingine: ina gramu 11.66, na takriban asilimia 92 yake ni fedha, hivyo kuikuta kwenye kopo la bei chee ni bahati ya kweli. Ukiipata, usiisugue kwa majivu wala dawa ya meno, maana wakusanyaji hushusha bei ya sarafu iliyong'arishwa.