Kwa nini kugawa oda kubwa katika mafungu madogo huharakisha kazi kiwandani?

Chukua karakana ya chuma iliyopata oda ya bawaba 600. Kila bawaba hupita mashine tatu: ya kukata, ya kukunja na ya kutoboa. Kila mashine hutumia dakika moja kwa kipande. Oda itakamilika baada ya muda gani?

Inategemea vipande vingapi vinangojana kabla ya kusogezwa mbele. Vyote 600 vikikatwa kwanza, kisha vyote vikunjwe, kisha vyote vitobolewe, kila hatua inakula saa 10, na jumla ni saa 30. Muda wote huo inafanya kazi mashine moja tu, mbili zimekaa bure. Kipande kilichokatwa dakika ya kwanza kinalala sakafuni karibu saa 10 kikingoja wenzake.

Sasa igawe oda mafungu mawili ya vipande 300. Fungu la kwanza likishakatwa linakwenda kukunjwa, na wakati huohuo la pili linakatwa. Kazi yote inaisha kwa saa 20. Ukigawa mafungu sita ya vipande 100, inaisha kwa saa 13 na dakika 20. Mashine ni zilezile, kasi ni ileile. Kilichopungua ni kungojana tu, na ndiyo maana naona ni hasara ya kusikitisha kiwanda kukopa fedha za mashine mpya kabla ya kujaribu jambo hili.

Faida nyingine ni ya ubora. Kama mashine ya kukata imewekwa vibaya, fundi wa kukunja ataligundua kosa vipande 100 tu vikiwa vimeharibika, badala ya 600.

Lakini faida ya muda hupungua kadiri unavyozidi kugawa. Kugawa mara mbili kuliokoa saa 10. Kutoka mafungu mawili hadi sita kuliokoa saa 6 na dakika 40. Hata ukisogeza kipande kimojakimoja, utaokoa saa nyingine 3 na dakika 18 tu, na vipande vitasogezwa mara 600 kati ya mashine na mashine. Mashine zikiwa mbali, toroli litachosha watu kwa faida ndogo.

Mafungu pia si lazima yalingane. Tuseme mashine ya kukunja ndiyo nzito, inatumia dakika mbili kwa kipande. Hiyo peke yake inahitaji saa 20, na kila dakika inayokaa bila kazi mwanzoni haifidiki tena. Kwa hiyo fungu la kwanza liwe dogo, hata vipande 20, ili mashine hiyo ianze mapema. Yanayofuata yanaweza kuwa makubwa, mradi yasiiache ikikosa kazi.

Ugumu wenyewe unakuja pale oda kadhaa zinapogombea mashine moja. Ukiikatiza oda ya bawaba 600 ili kupitisha oda ya haraka ya vipande 50, mteja wa pili anahudumiwa mapema, lakini mashine inabidi ifunguliwe na kufungwa kalibu nyingine (chuma kinachokipa kipande umbo lake), kisha irudishiwe ile ya mwanzo. Ikiwa kila badiliko linachukua saa mbili, umepoteza saa nne za uzalishaji. Hapo ndipo mameneja wengi huogopa mafungu madogo, na kwa hesabu hiyo wana haki.

Toyota ya Japani iliushambulia muda wa kubadilisha wenyewe. Mwaka 1969 mhandisi Shigeo Shingo alifika huko kushughulikia mashine ya kukandamiza bati yenye nguvu ya tani 1,000, ambayo kubadilisha kalibu zake kulichukua saa nne. Alitenganisha kazi zinazolazimu mashine isimame na zile zinazoweza kufanywa ikiwa bado inazunguka, kama kuleta kalibu, kutafuta boliti na kuandaa spana. Muda ukashuka hadi dakika 90, na baadaye hadi dakika tatu. Kwa dakika tatu, kuikatiza oda kubwa kwa ajili ya vipande 50 hakuumizi tena, na anayepanga ratiba anaweza kugawa mafungu kwa kufuata mahitaji ya wateja wake.