Mwalimu wa Sanaa, Iache Penseli Mkononi mwa Mwanafunzi

Kuna tabia inayofanywa kwa nia njema kabisa katika madarasa mengi ya sanaa, nayo huwavunja wanafunzi moyo mapema. Mwanafunzi anachora mtungi, mtungi unatoka umepinda, anamwita mwalimu. Mwalimu anainama, anachukua penseli, anafuta, anachora mistari miwili mitatu, kisha anaelekea dawati linalofuata. Picha imependeza, lakini mwanafunzi hajajifunza chochote isipokuwa kwamba mkono wa mwalimu unaweza na wake hauwezi. Akifanyiwa hivyo muhula mzima, atakuja kusema, "Mwalimu, mimi sina kipaji," na atakuwa anaamini anachokisema.

Ushauri wetu kwa walimu wa sanaa wa Kisumu na kaunti jirani ni huu: karatasi ya mwanafunzi usiiguse. Kosa unaloliona hapo mara nyingi halikuanzia mkononi. Mtoto amechora anachokijua kuhusu kitu, hajachora anachokiona, na penseli ya mwalimu haiwezi kumwonyesha tofauti hiyo.

Sufuria ndiyo kifaa bora cha kulifundishia jambo hili, na kila shule inayo. Iweke juu ya meza, chini kidogo ya usawa wa macho ya wanafunzi, na uwaambie waichore kwa dakika tano. Wengi watachora mdomo wa sufuria kama jicho, lenye ncha kali kushoto na kulia, na kitako watakichora kwa mstari ulionyooka. Kitako kimenyooka kwa sababu mtoto anajua meza ni bapa. Ncha zimetokea kwa sababu amechora mkunjo wa juu, kisha mkunjo wa chini, akaviunganisha pembeni.

Usiwaambie jibu. Chukua kifuniko cha mviringo, mpe mwanafunzi akishike mbele ya uso wake, sawasawa na macho. Ataona mstari tu. Akishushe polepole hadi kiunoni. Mstari utafunguka uwe duara lililobanwa, na kadiri kifuniko kinavyoshuka ndivyo duara linavyozidi kufunguka. Sasa muulize: kwenye sufuria, kipi kiko mbali zaidi na usawa wa macho yako, mdomo au kitako? Atajibu kitako. Basi mkunjo wa kitako lazima uwe mkubwa kuliko ule wa mbele ya mdomo. Mtoto aliyeligundua hilo kwa macho yake hatachora tena kitako kilichonyooka, awe anachora kikombe, pipa la maji au mnara wa tangi.

Ikibidi umwonyeshe kwa mchoro, beba karatasi yako. Chora pembeni, kikubwa, makusudi bila urembo, kisha ondoka nayo ili asinakili. Kwa vipimo, mfundishe kutumia penseli: mkono unyooke kabisa, kiwiko kisikunjwe, jicho moja lifumbwe, ncha ya penseli ikae juu ya kitu na kidole gumba kishuke hadi mwisho wake. Kiwiko kikikunjwa hata kidogo, umbali kati ya penseli na jicho hubadilika, na vipimo vyote vinavyofuata havilingani. Kwenye uso wa mtu, apime tangu utosi hadi kidevu. Macho yako karibu na katikati. Karibu kila anayeanza huyapandisha juu mno, kwa kuwa paji la uso na nywele huziona si muhimu.

Kusifu nako kuna namna yake. "Nzuri sana" haimwambii mtoto arudie nini kesho. Taja mahali: "Kivuli hiki cha upande wa kulia kimeifanya sufuria iwe na uzito, angalia kama upande wa juu nao una kivuli." Sifa moja yenye mahali, swali moja, basi. Ukitaja makosa matano kwa mpigo hatarekebisha hata moja. Darasa la wanafunzi 60 katika kipindi cha dakika 40 halikupi hata dakika moja kwa kila mtoto, kwa hiyo usijaribu kumfikia kila mmoja kila siku. Gawa darasa makundi manne, uzungukie kundi moja kwa kina kila kipindi, na wengine wabadilishane karatasi na jirani na kuulizana swali lile lile: ni wapi umechora unachojua badala ya unachoona?

Vifaa visiwe kisingizio. Mkaa wa kuchorea hutengenezwa shuleni: vijiti vikavu vinene kama penseli, vilivyomenywa maganda, vishindiliwe ndani ya mkebe wenye kifuniko kilichotobolewa tundu dogo, uwekwe motoni hadi moshi ukome kutoka tunduni. Mkebe upoe kabisa kabla ya kufunguliwa, kwa sababu hewa ikiingia ungali moto vijiti vinaungua kuwa majivu. Gundi hupikwa kwa unga wa muhogo, kikombe kimoja kwa vitano vya maji, unga ukorogwe kwanza kwa maji baridi usifanye madonge. Pika ya kutosha siku hiyo, maana huchacha upesi. Karatasi za kubandika ziko kila duka la mtaani. Rosemary Karuga, aliyekuwa mwalimu kwa miaka mingi, alijijengea jina baada ya kustaafu kwa picha alizozibandika kutokana na vipande vya pakiti za unga na sabuni.

Udongo nao tumebarikiwa. Wafinyanzi wa Ilesi, kando ya barabara ya Kakamega, wanaujua kuliko kitabu chochote, na kumwalika mmoja wao darasani ni somo kamili. Kuta za chombo cha mwanafunzi zisizidi sentimita moja, na sanamu nene ichimbwe ndani iwe wazi. Vyombo vingi hupasuka motoni kwa sababu ya unyevu uliobaki ndani: maji yakifika nyuzi 100 huwa mvuke, na mvuke ukikosa njia huvunja chombo. Kikaushe kivulini wiki nzima au zaidi, na wakati wa masika muda huo uongeze. Kiguse kwa shavu. Kikiwa baridi, bado. Kwa wanaochonga jiwe la Kisii, lile la Tabaka, lilowesheni maji kabla ya kusugua. Vumbi lake si la kuvutwa mapafuni.

Kuna wanafunzi wanaohitaji jicho la ziada. Anayepaka majani rangi ya kahawia mara kwa mara huenda haoni tofauti ya kijani na nyekundu, hali inayowapata wavulana zaidi ya wasichana. Usimwambie amekosea, andika jina la rangi kwenye kila krayoni, na mshauri mzazi ampeleke akapimwe macho. Mwingine atachora jambo zito: nyumba inayoungua, mtu anayepigwa. Usilifasiri wala usilionyeshe darasani. Kaa naye pembeni, mwambie, "Nieleze kuhusu picha yako," kisha sikiliza. Akieleza madhara halisi, usimwahidi siri. Mpeleke kwa mwalimu wa ushauri nasaha siku hiyo hiyo, au piga 116, nambari ya bure ya kuwasaidia watoto.

Tangu Januari 2026, wanafunzi wa Gredi ya 10 huchagua mkondo mmoja kati ya mitatu, na Sanaa na Sayansi ya Michezo ni mmojawapo. Mzazi anayesita atakuuliza mtoto wake ameendelea wapi, na alama peke yake haitamjibu. Kwa hiyo kila mwanafunzi awe na faili ya kadibodi, kila kazi iandikwe tarehe nyuma, hata iliyoharibika, na mchoro wa kwanza wa mwaka usitupwe. Mzazi akija, mkabidhi mwanafunzi faili yake. Azitoe karatasi mwenyewe, aeleze alichokuwa hakioni mwezi wa kwanza na anachokiona sasa.