Upepo wa ziwa na upepo wa nchi kavu: maana yake kwa anayepanga kwenda kisiwani

Kila Mei inapoelekea ukingoni, simu huanza kuingia huku Mwanza kutoka Dodoma, Morogoro na Dar. Shule zinafunga Juni, watoto wanataka kuliona Ziwa Victoria, tufike kisiwa cha Saanane, tulale kile cha Ukerewe, na mfuko ukiruhusu tuvuke hadi Rubondo. Halafu linakuja swali: "Mvua zimekata huko?"

Huwa zimekata, au zimebakiza manyunyu ya mwisho. Lakini swali hilo limeulizwa kwa mazoea ya pwani, ambako ukishajua mwezi umejua karibu kila kitu. Huku kwetu mwezi ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni saa, na saa hiyo inapangwa na pepo mbili ambazo wengi wetu tunaishi nazo bila kuzitafutia majina: upepo wa ziwa na upepo wa nchi kavu.

Majina yenyewe yanafuata desturi ileile ya kusi na kaskazi: upepo huitwa kwa kule unakotoka. Upepo wa ziwa hutoka majini mchana ukaja nchi kavu. Upepo wa nchi kavu hutoka bara usiku ukaenda majini. Wavuvi wa pwani wanao wa kwao wa namna hiyo, huuita umande. Tofauti na kusi na kaskazi, ambazo hupokezana kwa miezi, hizi mbili hupokezana zamu kila siku ya Mungu, kiangazi na masika.

Chanzo chake ni uzito wa maji katika kupokea joto. Kuongeza joto la kilo moja ya maji kwa nyuzi moja kunahitaji nishati karibu mara tano ya ile inayotosha kilo moja ya granaiti, na Mwanza, kama ujuavyo, ni mawe tupu. Tena jua likipiga majini haliishii juu. Linapenya, mawimbi yanakoroga, joto linasambaa kwenda chini. Jiwe halina pa kulipeleka, linabaki nalo usoni. Ndiyo maana saa nane mchana huwezi kukanyaga peku miamba ya Capri Point, na maji yaliyo hatua mbili kutoka hapo ni yaleyale uliyonawia asubuhi. Hewa iliyo juu ya nchi inapata moto, inakuwa nyepesi, inapanda, na hewa ya ubaridi kutoka ziwani inaingia kujaza nafasi. Ule upepo mtamu wa alasiri unaowafanya watu wa Kirumba wavute viti nje, ndio huo.

Usiku meza inapinduliwa. Kilichopata moto haraka hupoa haraka. Kukikaribia kupambazuka nchi inaweza kushuka mpaka nyuzi 18 hivi za selsiasi, huku maji ya ziwa yamekaa palepale kwenye 24 au 25. Sasa ziwa ndilo jiko. Hewa inapanda juu ya maji, na ya nchi kavu inateremka kuifuata.

Kwa bwawa la kijiji hadithi ingeishia hapo. Lakini Ziwa Victoria lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, na umbo lake linakaribia duara. Upepo wa nchi kavu unapoanza usiku hautoki Mwanza peke yake. Unatoka pia Musoma, Kisumu, Entebbe na Bukoba, na wote unaelekea ndani. Hewa hizo zikikutana huko katikati hazina pa kwenda ila juu, nazo zimebeba mvuke wa ziwa zima. Mvuke ukipanda unapoa, unakuwa wingu, wingu linakua mpaka linapiga radi. Kwa hiyo ziwa lenyewe hunyeshewa zaidi usiku wa manane mpaka asubuhi, wakati nchi kavu inayolizunguka hupata mvua zake zaidi alasiri na jioni. Picha za setilaiti zinaonyesha jambo hili kwa uzuri wa ajabu: alasiri unaona pete ya mawingu imelizunguka ziwa na katikati kumebaki tundu lisilo na wingu, alfajiri tundu limejaa na pete imeyeyuka.

Huhitaji setilaiti kuliona. Kaa kibarazani Bwiru, hapa Mwanza, usiku mmoja wa Novemba, utazame kaskazini. Utaona umeme unamulika na kuzima, unamulika na kuzima, wala husikii ngurumo. Iko mbali mno kusikika. Wewe juu yako nyota zimejaa, na huko ndani kuna mtu wa dagaa anapigana na mtumbwi wake.

Ukishaelewa hapo, ratiba ya safari inajipanga yenyewe. Mgeni hupenda kuondoka alfajiri, kwa imani kwamba asubuhi ndiyo salama na mvua ni jambo la jioni. Kwa Dodoma ana haki. Kwa ziwa, katika miezi ya mvua, alfajiri ni saa ambayo dhoruba za usiku bado hazijamaliza hesabu zao. Na alasiri nayo si bure: mvua hakuna, lakini upepo wa ziwa umeshapata nguvu na mawimbi yanaanza kuvaa kofia nyeupe. Mimi kwa boti ndogo napenda kati ya saa nne na saa saba, baada ya dhoruba kuchoka na kabla ya upepo kuamka vizuri. Kwa meli ya Nansio, mji wa Ukerewe, huchagui, unafuata ratiba yake, na ukubwa wake unasamehe mengi. Saanane haina shida hiyo, ni dakika chache tu kutoka mjini. (Anayekumbuka ilipokuwa bustani ya wanyama tangu 1964 ajue kwamba tangu 2013 ni hifadhi ya taifa, ndogo na nzuri, na pimbi wake hawana haya.)

Sasa miezi. Masika huanza Machi mpaka Mei, Aprili ikiwa ndiyo yenyewe. Vuli ni Oktoba mpaka Desemba. Januari na Februari mvua hupungua, ila kanda ya ziwa haikauki kama mgeni anavyotarajia. Juni mpaka Agosti ndiyo kiangazi cha kweli, na Julai ndio mwezi mkavu kuliko yote. Kwa mtu wa Unguja kalenda hii haina mageni: naye hukimbia Aprili na Mei, miezi ambayo baadhi ya hoteli za ufukweni hufunga kabisa.

Lakini hapa kuna mtego, na huwanasa watu wa Juni kila mwaka. Miezi mikavu ndiyo miezi ya upepo. Wakati pwani wanapata kusi, huku nako upepo wa kusini-mashariki unakaza, unajumlishwa na pepo zetu za kila siku, na ziwa linachafuka chini ya anga la buluu lisilo na hata wingu la kupakazia lawama. Mgeni anaangalia juu, anaona kweupe, anakunywa chai ya maziwa na chapati tatu, anapanda boti. Nusu saa baadaye ameinamia ukingo. Kiangazi maana yake ni ukavu, si utulivu. Haya ni mambo mawili na watu huyachanganya.

Upande nao una neno. Upepo unaotawala ziwani unaelekea magharibi, ukibeba unyevu wote uliookotwa njiani, na kwenda kuumwaga Bukoba na visiwa vya huko. Bukoba hupata mvua milimita 2,000 hivi kwa mwaka, Mwanza nusu yake. Rubondo imekaa kona ya kusini-magharibi, kwa hiyo usiipangie kwa kutazama anga la Mwanza. Na kama ni boti inayokutia hofu, kuna njia ya kupunguza maji. Kutoka Nkome, upande wa Geita, ni safari ndefu ya kama saa mbili. Ukizunguka kwa gari mpaka Muganza, wilayani Chato, unabakiza mkondo mfupi wa dakika ishirini hivi. Gari litakuchosha zaidi, tumbo litakushukuru.

Utabiri nao una neno lake la kueleweka, nalo ni wastani. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inapotangaza kwamba msimu utakuwa na "mvua za wastani hadi juu ya wastani", wengi husikia "mvua za kiasi". Sivyo. Wastani hapo ni kile ambacho mahali hapo hupata kwa kawaida, kwa kupima miaka mingi, na mvua inayoangukia kati ya asilimia 75 na 125 ya kiasi hicho yote huhesabiwa kuwa ya wastani. Wastani wa Bukoba ungekuwa gharika Dodoma. Tena ni jumla ya msimu mzima: haikwambii kama Jumamosi yako itanyesha. Kwa Jumamosi yako angalia utabiri wa siku tano, na usiku wa kuamkia safari ule wa saa 24, ambao hutaja upepo na mawimbi ya ziwa, siyo mvua tu. Likitolewa angalizo, uliza na ujiandae. Ikitolewa tahadhari, ahirisha. Hoteli ya Nansio haitahama.

Kuna miaka ambayo kalenda yote hii hugeuka porojo. Vuli ya 2019 ilinyesha kupita kiasi Afrika Mashariki nzima, na kufikia Mei 2020 ziwa lilikuwa limepanda na kuvunja rekodi iliyosimama tangu 1964. Fukwe zilizokuwa kwenye picha za matangazo zilikuwa chini ya maji. Picha ya ufukwe wa hoteli, basi, uliza ni ya mwaka gani.

Hali ya hewa pia isibebeshwe yasiyo yake. MV Nyerere, meli ya kivuko, ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018, ikikaribia kisiwa cha Ukara, ndani ya msimu mkavu, nayo ilikuwa imebeba watu kupita uwezo wake mara mbili na zaidi. Walikufa zaidi ya 220. Hakuna mwezi wala saa inayorekebisha chombo kilichojaa kupita kiasi. Hesabu vichwa, hesabu maboya, visipolingana shuka, hata kama umeshalipa nauli.

Mwezi mwingine wa kuuliza ni ule wa angani. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa hazifai mbalamwezi inapokuwa kali, kwa hiyo usiku wa giza ziwa huwaka taa mpaka upeo wa macho kama mji mwingine umejengwa huko. Ukitaka kuliona hilo ukiwa ufukweni Ukerewe, panga safari iangukie mwezi mwandamo. Ujue tu kwamba siku hizohizo ndizo wale wadudu wadogo wa ziwani hupenda kuibuka, wakapanda juu ya maji kama moshi wa tanuru, na upepo wa ziwa ukiwaelekeza kwako utakula wali na wao. Hawaumi. Zima taa ya kibarazani.

Na asubuhi ya kuvuka, mitumbwi ya dagaa inapokuwa inarudi mwaloni, waendee waliotoka humo kabla ya kumwendea mwenye boti. Mwenye boti anataka nauli yako. Wao wamekesha huko ndani. Usiwaulize kama leo kutanyesha, waulize jana usiku kulikuwaje, na walianza kurudi saa ngapi. Wakikwambia walirudi saa nane ya usiku na hawakungoja alfajiri, agiza chai nyingine.