Usanifu na teknolojia sekondari: anzeni na boriti za Lamu

Ukiingia nyumba ya kale ya mawe mjini Lamu utaona vyumba virefu lakini vyembamba, upana wake mita tatu hivi au chini ya hapo. Sababu ni boriti. Dari imebebwa na miti ya mikoko, na mkoko ulionyooka, mnene wa kutosha, haupatikani kwa urefu wowote mtu autakao. Fundi alipima chumba kwa mti.

Walimu wa usanifu na teknolojia tunawahimiza waanzie hapo. Mwanafunzi alaze rula ya plastiki juu ya makopo mawili yaliyoachana sentimita 12, aweke mzigo mdogo katikati na apime rula imepinda kiasi gani. Kisha ayaachanishe sentimita 24, mzigo uleule. Rula itapinda karibu mara nane! Sasa achore chumba kwa skeli na aeleze atakipanuaje: kwa nguzo ya kati, mti mnene zaidi, au chuma? Nguzo inakula nafasi, na chuma hushika kutu upesi kwa hewa ya bahari. Mtoto anachagua, na anautetea uamuzi wake kwa vipimo. Kwangu mimi hilo lina thamani kuliko stuli atakayorudi nayo nyumbani.

Wazazi wengi bado wanalidhania somo hili kuwa la walioshindwa na mengine. Inaniuma kuyasikia hayo huku kwetu, ambako kijiji cha Matondoni ni maarufu kwa uundaji wa vyombo. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu walishusha majini Flipflopi, dau la mita 9 lililoundwa kwa plastiki iliyotupwa, na mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar. Plastiki hunepa na kutanuka kwa joto kuliko mbao, kwa hiyo mazoea ya mbao peke yake hayatoshi. Lazima kujaribu, kupima, kurekebisha. Darasani tunafundisha jambo hilohilo.

Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi (CBC) wa Kenya waliingia gredi ya 10 Januari 2026, na masomo ya ufundi yamo katika mkondo wa sayansi na teknolojia. Mzazi, kabla ya kuchagua shule, uliza kama karakana ipo na kama ina mwalimu. Shule isiyo na vifaa inaweza kumwalika fundi seremala au muunda vyombo wa jirani. Na wasichana nao washike randa na msumeno, wasiachiwe kazi ya kufagia maranda.