Udongo mwekundu, mpira wa kasi: tunayoyakosea kuhusu tenisi ya Nairobi

"Kwenye udongo mpira huenda polepole." Kauli hii naisikia kila ninapokaa kando ya kiwanja chekundu cha tenisi hapa Nairobi, na ukweli wake ni nusu tu. Udongo huukaba mpira pale unapogusa chini: huupunguzia mwendo na kuudundisha juu kuliko nyasi. Lakini kabla ya kugusa chini mpira husafiri hewani, na hewa yetu, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ni nyepesi. Mchezaji aliyezoea Mombasa atapiga pigo lile lile la kila siku na mpira utatua nje ya mstari wa nyuma. Atajaribu tena, utatoka tena. Ndipo anapokwenda kukaza nyuzi za raketi.

Madrid, ambako wanaume na wanawake hushindana kwenye udongo kila mwaka kati ya Aprili na Mei, ina mita 650 hivi, na hata huko wachezaji husema mpira haushikiki. Sisi tumepanda zaidi ya mara mbili ya hapo. Sheria za tenisi zenyewe zinaruhusu mipira maalumu mahali palipozidi mita 1,219. Kwa hiyo anayekuja kutazama mashindano ya udongo Nairobi akitarajia mchezo wa kuchosha, aje tu. Atashangaa.

Wengine hudhani kiwanja cha udongo ni shamba lililosawazishwa. Pale Roland Garros, uwanja wa Paris wa mashindano makubwa ya udongo, ile rangi nyekundu ni unga wa matofali yaliyosagwa, unene wa milimita moja au mbili tu, na chini yake kuna tabaka la chokaa, jivu la makaa ya mawe, kokoto na mawe. Tabaka lile jembamba hushikwa na maji. Fundi unayemwona na paipu asubuhi hatulizi vumbi tu. Bila maji unga hupeperuka na mguu hukosa pa kushika. Ukipata nafasi, seti inapoisha usikimbilie chai. Tazama vijana wawili wakiburuta wavu wa kusawazisha, wakizunguka kutoka nje kuingia ndani, kisha mmoja anafuata mistari na ufagio hadi weupe unarudi. Mimi huwa siondoki.

Kuteleza nako si kuanguka. Mchezaji mzuri huanza kuteleza kabla ya kupiga, afike kwenye mpira akiwa ametulia tayari kwa pigo linalofuata.

Kuna dhana kwamba alama ya mpira iliyobaki chini humaliza ubishi wote wa kama ulitua ndani au nje, na kwamba mchezaji anaweza kwenda kuikagua popote. Alama ina utaratibu wake. Pasipo mitambo ya kielektroniki, mwamuzi hushuka kitini na kuisoma mwenyewe, ila pointi iwe imeisha au mchezaji awe amesimamisha mchezo hapo hapo. Ukiendelea kucheza, umeshapoteza haki ya kuuliza. Ukivuka wavu kwenda kuangalia alama upande wa mpinzani, unaadhibiwa. Na ukiifuta kwa kiatu, umekubali kwamba pointi si yako.

Wengine hudhani wanaume hucheza hadi seti tano kila mahali: ni katika mashindano manne makubwa ya Grand Slam tu. Kwingine, Madrid na Nairobi pia, mwanamume na mwanamke wote hucheza seti zisizozidi tatu.

Dhana inayoniuma zaidi ni ya pesa. Mtu akisikia "mchezaji wa kulipwa" anafikiria majumba. Mkenya Angella Okutoyi alipotwaa taji la wasichana wawili wawili Wimbledon mwaka 2022, pamoja na Mholanzi Rose Marie Nijkamp, wengi walisema binti ameshatoka. Mashindano ya vijana ya Wimbledon hayana zawadi ya fedha, na pointi zake si za orodha ya wakubwa. Alilazimika kupanda ngazi kama wenzake, huku akicheza na kusoma Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani.

Ngazi hiyo huanzia kwenye mashindano ya M15 ya wanaume na W15 ya wanawake. Namba ni maelfu ya dola, fedha yote ya zawadi kwa washiriki wote. Bingwa wa mmoja mmoja hupata dola elfu mbili na ushee na pointi 15. Anayefungwa raundi ya kwanza huondoka na dola mia moja na kitu, bila pointi, na hapo hajakatwa kodi wala hajalipa hoteli na tiketi ya ndege. Ndiyo maana waandaaji hupanga wiki mbili au tatu mfululizo katika mji mmoja: aliyetolewa Jumanne anabaki, anafua soksi zilizogeuka nyekundu, na Jumatano asubuhi yuko mazoezini akisubiri droo ya wiki ijayo.