Kiungo wa miaka 31 si mzee

Juzi tena, kocha mwenzangu kamtema kiungo mchezeshaji wake wa miaka 31, eti "mbio zimekwisha". Zilikuwepo lini? Namba kumi, yaani mchezeshaji, hasajiliwi ili ashindane mbio na beki wa pembeni.

Chukueni Russell Latapy wa Trinidad na Tobago, maana wengi wenu huko mnamjua mwenzake Dwight Yorke tu. Kazaliwa 1968. Académica, Porto ya kocha Bobby Robson na Boavista kule Ureno, kisha Hibernian na Rangers kule Scotland: hayo napita. Kinachonihusu ni Falkirk, klabu ya huko huko Scotland. Alifika 2003 akiwa na miaka 35 hivi, umri ambao kwetu keshapewa kazi ya kubeba mipira. Mwaka 2005 timu ikapanda Ligi Kuu ya Scotland, na jamaa akaendelea kucheza mpaka 2009.

Aliwezaje? Mtazameni kabla mpira haujamfikia. Shingo inageuka kushoto, kulia, kushoto tena. Anapokea mwili ukiwa umeshafunguka, na mguso wa kwanza unaupeleka mpira pale ambapo mkabaji hayupo. Beki mwenye mbio anachelewa kwa sababu anaanza kufikiri wakati pasi imeshatoka. Mnaliita kipaji ili msilifundishe! Mazoezini mimi nainua fulana nyuma ya kijana; asiponitajia rangi yake kabla ya kupokea, mpira unarudi kwa mpinzani.

Kama linafundishika lote, hapo sina hakika. Ninao vijana wanaogeuza shingo vizuri kabisa na hawaoni kitu.

Na wabishi wana hoja moja. Kombe la Dunia 2006, kocha wa Trinidad, Leo Beenhakker, alimwacha benchi dhidi ya Sweden na England. Dhidi ya Sweden, Trinidad walibaki 10 baada ya beki wao Avery John kula kadi nyekundu, wakaishikilia 0-0. Mechi ya kuziba na kukimbizana vile, hata mimi nisingemwingiza. Aliingia dhidi ya Paraguay, miaka 37, wakalala 2-0. Mchezeshaji wa aina hii anataka watu wa kumkabia nyuma yake; wasipokuwepo, kila mtu anaanza kuhesabu umri wake.

Nilimuuliza yule kocha wakabaji wake ni akina nani. Akanitajia mmoja, naye ni majeruhi.