Kisigino kinauma kila asubuhi, na wewe bado unanunua diklofenaki?

Jumatatu iliyopita alikuja mama mmoja anayepika chakula sokoni. Kabla hajakaa vizuri alimimina kimfuko chake mezani: karatasi tupu za diklofenaki, vidonge vya kutuliza maumivu. Nilihesabu kumi na saba. Kisigino kilikuwa kimemuuma miezi minane, na katika miezi yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kuugusa mguu wake. Wiki hiyohiyo nikapokea mwalimu na mlinzi wa getini, habari ileile. Maswali wanayoniuliza hapa kwenye chumba cha tiba ya viungo kwa mazoezi hayatofautiani sana, kwa hiyo nayajibu yote kwa pamoja.

Kwa nini kinauma nikiamka, halafu nikitembea kinapoa?

Chini ya unyayo kuna utando mgumu unaotoka kwenye mfupa wa kisigino hadi kwenye mashina ya vidole. Ndio unaoshikilia lile tao la mguu. Ukibebeshwa mzigo kupita kiasi kwa muda mrefu, huchakaa pale unapojishikiza kwenye mfupa. Ukilala unajikunja, ukishuka kitandani, hatua ya kwanza inaunyoosha ghafla, ndiyo maana unatembea umeshika ukuta. Ukikaa saa nzima kwenye daladala kisha ukashuka, ni hivyohivyo. Nikibonyeza kwa kidole gumba chini ya kisigino, upande wa ndani, mgonjwa huvuta mguu kabla sijamaliza kuuliza. Kwa walio wengi, maelezo yao na kidole changu vinatosha kuutambua ugonjwa.

Ugonjwa huu unawapata akina nani?

Hasa wenye miaka 40 hadi 60, wanaosimama kutwa kwenye sakafu ngumu, walioongezeka uzito, wenye vigimbi vilivyokaza, na wanaokimbia sana. Kandambili nyembamba zinaongeza tatizo.

Si ninywe tu diklofenaki?

Hapana. Siku chache, baada ya daktari kujua presha yako, figo zako na tumbo lako, sawa. Miezi minane kwa ushauri wa muuza duka, hapana. Dawa hii na ndugu zake, kama ibuprofeni, hupunguza kemikali zinazoleta maumivu, lakini kemikali hizohizo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo na kusaidia damu kufika vizuri kwenye figo. Ukizinywa mfululizo unajitafutia vidonda vya tumbo, presha kupanda na figo kuharibika. Yule mama anameza dawa za presha kila siku bila kukosa, na bado nilipompima ilikuwa 170 kwa 100. Dawa moja inashusha, nyingine inapandisha, na zote analipia yeye.

Lakini nikinywa ninaweza kusimama kazini.

Najua, na najua kazi haikusubiri. Ila jibu ni lilelile: hapana. Kidonge hakinyooshi utando. Kinakufanya usisikie tu, na wewe unasimama saa kumi nyingine juu ya utando uleule uliochakaa. Jioni dawa ikiisha nguvu, unarudi dukani.

Na sindano?

Sindano ya diklofenaki ya kwenye tako ni dawa ileile. Haizikwepi figo kwa sababu imepita takoni. Ile ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, inayochomwa kisiginoni ni kitu kingine: ni ya daktari anayeijua, nafuu yake mara nyingi ni ya wiki kadhaa tu, na ikirudiwarudiwa inaweza kukata utando au kukondesha nyama laini ya mafuta inayokinga kisigino. Isichomwe dukani. Nasema tena, isichomwe dukani.

Nimepigwa eksirei, nimeambiwa mfupa umeota mwiba.

Watu wengi wana mwiba huo na hawaumwi chochote. Usikimbilie kuukata. Tibu utando.

Basi nifanye nini?

Anza kesho kabla hujakanyaga chini. Kaa ukingoni mwa kitanda, weka mguu unaouma juu ya goti la pili, shika vidole vyote na uvivute kuelekea kwenye ugoko. Pitisha kidole gumba chini ya unyayo: utando unapaswa kuwa umekaza kama kamba ya kuanikia nguo. Kama haujakaza, hujavuta. Hesabu hadi 10, achia, rudia mara 10. Fanya hivyo mara tatu kwa siku.

Kisha nyoosha kigimbi. Weka mikono ukutani, mguu unaouma uwe nyuma, goti limenyooka, kisigino kisinyanyuke. Kaa hapo sekunde 30, mara tatu. Hapa ndipo wengi wananidanganya: wananyanyua kisigino kidogo, halafu wanasema zoezi halisaidii.

Jioni, gandisha chupa ya maji, ivingirishe kitambaa na uizungushe chini ya unyayo kwa dakika 10.

Viatu: usitembee peku kwenye vigae, hata nyumbani. Raba ya mtumba inafaa kabisa, mradi soli iwe nene na laini kisiginoni. Ijaribu sokoni kwa mikono: ikikunjika katikati kama chapati, iache.

Wakati gani nisisubiri mazoezi?

Kama mguu umevimba au umekuwa mwekundu na una homa, kama maumivu yanakuamsha usiku, kama yalianza baada ya kuanguka na huwezi kukanyaga, kama unyayo umekufa ganzi, au kama ni mtoto. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Mwenye kisukari, hata bila dalili hizo, apimwe miguu kwanza. Na tafadhali, asiikande kwa maji ya moto, asiiwekee barafu, asichanje chale. Unyayo usiosikia unaungua bila wewe kujua. Nimeona malengelenge mapana kama kiganja kwa mtu aliyesema maji yalikuwa ya vuguvugu tu.

Nimefanya mazoezi wiki mbili, bado kinauma. Nirudie diklofenaki?

Hapana. Utando huu unapona polepole. Wengi hupona bila kupasuliwa, lakini inaweza kuchukua miezi 6 hadi 12. Nafuu ya kwanza utaiona asubuhi: hatua za kuchechemea zitapungua, kutoka kumi hadi tano, hadi mbili. Zihesabu. Zikifika wiki sita bila kupungua, njoo tuangalie unavyofanya zoezi, na uje umevaa viatu unavyosimamia kazini.